Chumba cha Mwenye Eda

Asubuhi ile, Unguja, baba alikuwa uani kwa jirani yetu Bi Zuwena, anakaza kamba za kitanda chake. Bi Zuwena kafiwa na mume, yumo edani. Kitanda kilitolewa na wanawake, kikarejeshwa na wanawake. Mwanamme wa kando haingii kwa mwenye eda.

Mchana tukasikia bunduki. Mapinduzi yameingia, na sisi Waarabu ndio tuliokuwa tukisakwa. Mama alishakufa zamani. Baba akanishika mkono mpaka kwa Bi Zuwena.

Mlango ukafunguliwa kidogo.

"Ingieni."

"Mchukue mtoto."

"Na wewe, Nassor. Mungu anaijua dharura."

"Siwezi kukuvunjia eda, bibi."

"Eda yangu mimi. Ingia, mpumbavu wee."

Baba akanisukuma ndani, akauvuta mlango.

Nikaingia uvunguni.

Nikamsikia baba akiwatolea watu salamu. Hakuna aliyeitika.

Wakamchukua.

Kisha nikaona miguu kizingitini. Bi Zuwena akasema, "Nimo edani. Nyinyi hamna mama?"

Miguu ikarudi nyuma.

Baba sijamwona tena. Walimzika wapi, kama walimzika, sijui.

Nimeolewa Ibra, huko Omani, nimezeekea Ibra. Mjukuu wangu Raya anasoma Ulaya, na mwaka huu kaingia darasa la kuchora kwenye nyumba ya jumuiya ya Mayahudi. Kila mtu achore mahali palipomhifadhi yeye au mtu wake.

"Kwa Mayahudi umefuata nini?"

"Rangi, bibi. Na chai yao nzuri."

Sikucheka.

Juzi kanipigia simu ya video, kanionyesha picha. Chumba cha Bi Zuwena, sawa. Lakini kamchora baba kakaa kitandani, kanipakata.

"Mtoe."

"Bibi, hapa tunachora tunavyotamani."

"Mtoe, nakwambia. Mwenyewe kafa asiingie, wewe unamwingiza kwa brashi?"

Mwalimu wao, ajuza wa Kiyahudi, akauliza nagomba nini. Raya akamfasiria. Akajibu maneno machache.

"Anasema yeye alifichwa kabatini, vitani huko kwao. Baba yake alibaki nje. Anasema nikutii."

Raya akafuta.

Watu hunambia baba kafa na heshima yake. Heshima ile ile iliwarudisha nyuma wale watu mlangoni, nikapona. Yeye ikamuua. Wallahi, ningependa aingie, eda ivunjike, na watu waseme watakalo.

Hakuingia. Basi na achorwe nje.