Amortisere nilizochagua ziko chini ya gari ya kaka yangu

Ametuandikia mama mumoja wa Bukavu. Jina lake tumelificha, kwa sababu watu wa kwao wanafuata ukurasa huu.

Niko mujane wa miaka trente-huit (38), mama wa watoto. Tangu bwana yangu afariki, tunaishi kwa gari ya jipu aliyotuachia. Naiendeshaka mimi mwenyewe: nashuka Luberizi kuchukua muchele, naupandisha Bukavu, nauuza. Wenye kujua ile barabara wanaelewa namna gari inateseka pale.

Amortisere za nyuma, zile shokomzoba za kuzuia gari isiruke, zikaisha. Zilikuwa zinatoa mafuta, na moja nilikuwa nimeishaichomesha kwa fundi wa kuunga vyuma. Nikaenda mwenyewe ku duka ya vipuri. Muuzaji akanionyesha za laini, akasema ziko nzuri kwa gari ya muji. Nikamuambia mimi nabeba magunia na napita ku mawe, anipe zile nene, ngumu, za gesi. Zilikuwa za rangi ya njano.

Nikazipeleka kwa kaka yangu mukubwa. Namuitaka Yaya. Baba alipokufa, yeye ndiye alinilea na kunisomesha. Kanisani anaongoza korali. Jipu yake na yangu ziko aina moja. Akaniambia, "Niachie gari, nitaipeleka garaje mimi. Wewe mwanamuke watakuzungusha tu." Nikamuachia funguo.

Aliponirudishia jipu, nilisikia nyuma bado inayumba. Nikamupigia simu. Akasema, "Za mupya zinafanyaka vile, acha zizoee." Nikaamini. Ningemushuku kwa nini?

Kisha tukapata matanga Nyangezi, nikamubeba Maman, mama yetu na Yaya. Ku kona moja ya kushuka, yenye mashimo, nyuma ya jipu ikaruka, tairi zikaacha kushika barabara, tukaangukia mu mufereji. Mimi nilitoka na michubuko. Maman alivunjika nyonga. Mpaka leo hasimami peke yake. Namuogesha, namugeuza mu kitanda, na kila nikimugeuza analia.

Jipu ilipovutwa hadi garaje, niliingia chini yake. Amortisere zilikuwa za njano, lakini rangi ilikuwa inabanduka. Nikaikwangua kwa kucha, na chini yake nikaona ile alama ya kuchomeshwa. Zilikuwa zile zangu za zamani. Mutu alizisafisha, akazipaka rangi ili nisijue.

Nikaenda moja kwa moja kwa Yaya. Gari yake ilikuwa mu lupango, mu uwanja wa nyumba. Nikainama, nikaona amortisere zangu, zile nene za njano nilizochagua.

"Yaya, umenifanyia nini?"

Hakukana. Alisema, "Mimi nabebaka bibi yangu na watoto kwenda Bunyakiri kwa wakwe. Wewe unabebaka muchele."

"Na Maman je?"

"Hukuniambia kama utamubeba Maman."

Ndugu zangu, niligeuka nikarudi kwangu. Lakini haikuishia hapo. Kanisani aliomba watu waniombee, akasema naendeshaka kama kichaa tangu nifiwe. Wababa wadogo wakakutana bila mimi, wakakata shauri kwamba jipu nimukabizi yeye, kabla sijaua mutu. Dimanche, Jumapili hii, wanakuja kuchukua funguo. Nikiitoa, watoto wangu watakula nini?

Maman hajui kitu. Huyu Yaya iko mutoto wake wa kwanza, na tangu Maman aumie ni jina la Yaya analolitaja akisali. Mimi ananiulizaka, "Mwanangu, ulikuwa unakimbilia nini ile siku?" Mimi namutengenezea muto tu.

Leo asubui tulikuwa tunamutayarisha kwenda hospitali. Nilimushika mukono, akanizuia polepole. Akasema, "Ita Yaya yako anipeleke. Gari yake haitikisi."

Nikaita Yaya. Akakuja, akamubeba.

Ninyi munaosoma, wamama na wababa, munisaidie mawazo mbele ya Dimanche. Niseme ukweli Maman akiwa anasikia, ao nitoe funguo na ninyamaze? Mungekuwa mimi, mungefanya namna gani?