Jasusi Sebuleni Mwangu

Zilikuwa filamu za ujana wetu, nami nakiri kwamba nilizipenda. Chuoni, tulipokuwa tukisomea ualimu, tulimshangilia jasusi yule ambaye suti yake haikunjamani hata akitoka kuua watu. Sikujiuliza kwa nini wanawake waliompenda walikufa kabla filamu haijafika nusu, wala kwa nini yeye hakumlilia hata mmoja wao.

Mwaka jana, Jumapili moja baada ya ibada, niliitazama tena mojawapo nyumbani kwangu Bukoba. Aliyeileta ni kijana aliyekuwa akimposa binti wa kaka yangu. Kaka anaishi Nshamba. Binti anauza katika duka la dawa hapa mjini na anakaa kwangu.

Kwetu, mposaji hapewi jibu na msichana mwenyewe. Shangazi humwuliza faraghani, kisha hupeleka neno kwa wazee. Na msichana aliyelelewa vizuri hakubali upesi: hukataa, hulia, husema hawezi kuwaacha wazazi wake, na shangazi hujua la kupeleka. Juma lililotangulia nilikuwa nimemwuliza.

"Simtaki, Shangazi," alinijibu, huku akikunja nguo zilizotoka kuanuliwa. Hakulia. Nami nikampigia kaka simu nikamwambia, "Amekataa kwa adabu. Pangeni siku."

Basi kijana akachomeka flashi yake kwenye runinga. "Nimekuletea za enzi zenu, Shangazi." Binti akaleta chai, akaketi kiti cha mbali.

Mwanamke wa filamu ile alitambulishwa kuwa mtaalamu wa mabomu. Kamera ilianzia miguuni pake, ikapanda polepole, kama mnunuzi anayekagua mbuzi mnadani. Kwa muda wote tuliotazama hakugusa bomu hata moja. Kisha jasusi akamkuta peke yake ghalani. Mwanamke akamsukuma, akageuza uso, akasema hapana, akairudia. Mwanamume akatabasamu, akamshika viganja vyote viwili na kumbana ukutani. Muziki ukalainika.

"Subiri, Shangazi," kijana akasema, akisogea mbele kwenye kochi. "Sasa hivi anakubali."

Na kweli, mikono ya mwanamke ikalegea, ikamkumbatia yule aliyekuwa akimwumiza.

Kijana akapiga makofi. "Si mnaona? Kumbe hata Wazungu wana shangazi zao! Mwanamume habishi hodi mara moja akaenda zake. Huyo ni mpita njia."

Binti akainuka kukusanya vikombe. "Mimi nilikwambia dukani mara nne," akasema. "Ulicheka hivyo hivyo."

"Na bado umeniletea chai."

"Chai ni ya Shangazi."

Nilichukizwa na jasusi, na waliomtunga, na kijana aliyejifunza uanaume kutoka kwa mtu asiye na mama, dada wala jirani, mtu ambaye kila mwanamke kwake ni kitanda au mtego. Lakini kinyaa hakikuishia kwao. Mwanamke wa filamu alikubali kwa sababu mwanamume fulani alikaa mezani akaandika kwamba atakubali. Je, binti wa kaka yangu alikuwa ameandikiwa na nani? Ni mimi niliyemwandikia, kwa simu, nikiwa na miaka hamsini na vitabu vyote nilivyosoma.

Nilizima runinga, nikamrudishia kijana flashi yake, nikamwonyesha mlango.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikapanda basi la Muleba hadi Nshamba, maana neno lililopelekwa kwa wazee halirudishwi kwa simu. Nilimkuta kaka kibanjani, akipogoa migomba.

"Wasichana wote hukataa," alisema baada ya kunisikiliza, bila kushusha panga. "Hata mke wangu alikataa."

Wifi yangu alikuwa akimenya ndizi mlangoni pa jiko. "Mimi nilikuwa nalia huku nakuchungulia dirishani, baba," akasema. "Huyu mtoto amewahi kumchungulia huyo?"

"Hajawahi," nikajibu.

"Basi hataki."

Kaka akafuta panga kwa jani la mgomba, akalifuta tena. "Watu wa kule wameshaalika ukoo. Nitaanzaje kuwaambia?"

"Anza kwa kusema kwamba dada yako alisema uongo."

Akachomeka panga kwenye shina la mgomba. Kisha akatoa simu mfukoni, akabonyeza, akanikabidhi. "Aseme mwenyewe aliyeusema."

Aliyepokea alikuwa baba wa kijana. Nikamsalimu kama inavyopasa, nikajitambulisha, nikamwambia kwamba binti yetu amekataa na kwamba jibu la mwanzo lilikuwa kosa langu.

Akacheka, kicheko cha upole cha mtu anayeijua desturi. "Waitu, Shangazi yetu, tumesikia. Sasa tuje tena lini?"

Nikarudia neno lile lile kwa sauti ninayoitumia darasani, nikarudia tena, mpaka upande wa pili kicheko kikakoma.