Mashine Iko Chumbani Kwake

Kwenye biro yetu, ofisi ya mjini Baraka, mashine ya kuhifadhi data kwenye kanda ni moja tu, na kompyuta yangu inaigawana na ya mwenzangu. Shefu, mkubwa wetu wa kazi, aliiweka chumbani kwa mwenzangu, eti dirisha lake linapata upepo wa ziwa. Iliniuma.

Siku moja jenereta ilizima ghafla. Ilipowaka, mashine ikakataa kazi yangu: kompyuta ya mwenzangu ilikuwa bado imeishikilia. Nikaifungua mimi, kwa amri niliyoandika kwenye kompyuta yangu, nikiwa mezani kwangu. Shefu akaingia chumbani kwa mwenzangu, akakuta kanda inazunguka, akamshika mkono. "Aksanti sana, papa! Bila we, kazi inakufa." Naye akapokea sifa hizo, akitabasamu!

Juma lililofuata ilishikiliwa tena, safari hii na kompyuta yangu. Nikamsikia mwenzangu anapiga hodi mlangoni kwangu, anataka niifungue. Nikajimiminia chai kwanza.