Kumtoa Bibi Ziwani Bila Kumgusa

Jumamosi, saa kumi na moja na robo alfajiri, tuliondoka nyumbani Miembeni, Bukoba, watu watatu: baba, kaka Deusi na mimi. Kaka Deusi ni jirani yetu na pikapu ni yake. Nyuma ya pikapu tulivuta tela, na juu ya tela ilikaa boti ya faiba ya baba, ambaye ni fundi wa mashine za boti. Tulikuwa tunakwenda Muleba, ufukoni chini ya Izigo, tuishushe boti majini, tuvuke nayo hadi kisiwani tumlete Bibi, yaani mama mzazi wa mama yangu.

Sababu ya safari ilikuwa mguu wake. Bibi alianguka shambani akavunjika mguu wa kulia, akaletwa bara na kufungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali. Siku ya kurudi kisiwani, mbebaji aliyembeba mgongoni kumvusha kutoka nchi kavu hadi mtumbwini aliteleza naye. Hogo likalowa na kulegea. Daktari akasema kwa simu aletwe Bukoba mapema afungwe jingine, la sivyo mfupa utaunga vibaya na atachechemea maisha yake yote. Bibi alijibu kwamba atakuja, ila habebwi tena na mtu. Bibi ni mwanamke mkubwa wa mwili, na akisema amesema.

Aliyepaswa kwenda ni mama, lakini alikuwa amejifungua wiki hiyohiyo. Kwa hiyo nilipelekwa mimi, si kwa ajili ya nguvu, kwa sababu sina. Bibi anashika desturi ya zamani: mkwe wa kiume hamshiki mama mkwe mkono, hakai naye benchi moja, na akiwa na neno anampitishia mtu wa katikati. Wengi siku hizi wameacha. Bibi hajaacha, na baba katika miaka yote ya ndoa yake hajawahi kumwambia neno moja uso kwa uso.

"Wewe ndiye utakuwa mdomo," mama aliniambia mlangoni, mtoto akiwa kifuani. "Na uongee usikike, Koku. Usiseme kama mtu anayeungama."

Nikasema sawa. Akasema hajasikia.

Kemondo tulipita kukianza kupambazuka. Baba alishuka kugusa magurudumu ya tela kama yamepata moto, akasema yako salama. Kaka Deusi aliniuliza nasoma kidato cha ngapi, nikamjibu cha tatu, akaniuliza tena, nikamwonyesha vidole vitatu. Akacheka. "Huyu ni redio iliyoisha betri," akamwambia baba.

Izigo tuliacha lami, tukateremka katikati ya migomba na mibuni kwa njia nyembamba. Majani ya migomba yalifagia boti pande zote mbili. Mzee mmoja aliyekuwa anaweka matandazo shambani alisimama akatutazama. "Waitu, jamani, mnapeleka boti shambani?" Baba akamwambia tunaipeleka kuoga. Mzee huyo, alipoelezwa shida yetu, alitupa vigogo vya migomba iliyokwisha kuvunwa, akasema mchanga wa pale chini unameza gurudumu.

Ufukoni tulifika jua limeshatoka. Ziwa la pale ni maji mafupi. Niliingia ziwani nikatembea hatua nyingi, na bado maji yalikuwa magotini. Kwa boti ya tela hilo ni tatizo, maana tela lazima lizame kiasi cha boti kuelea, na pikapu ikilifuata huko nayo inazama. Baba alilifungua tela kutoka kwenye pikapu, akaliunga tena kwa kamba ndefu. Pikapu ilibaki juu kwenye ardhi ngumu, nyuma ya kichaka cha matete. Tela lilikuwa literemke majini juu ya vigogo vya migomba, baba akilisukuma, kaka Deusi akirudi nyuma taratibu ili kamba ilegee.

"Mimi kutoka huku siwaoni," kaka Deusi alisema. "Nitafuata sauti tu."

Sauti yenyewe ikawa yangu. Nilisimama ukingoni. Gurudumu la kushoto lilipokaribia mwisho wa kigogo nilisema simama. Kamba iliendelea kulegea. Nikasema tena. Gurudumu likaanguka pembeni, likazama mchangani hadi kwenye ekseli, na tulitumia muda mrefu kulifukua kwa mikono na sufuria.

"Ulisema lini?" kaka Deusi aliuliza alipoteremka kutazama.

"Mara mbili."

"Ulimwambia nani? Dagaa?"

Baba hakunikaripia. Alisema tu kwamba jioni maji yatakuwa na mawimbi na ndani ya boti atakuwa Bibi. Kisha boti ikaelea, akashusha mashine, tukaondoka sisi wawili, kaka Deusi akabaki na pikapu.

Kisiwani kuna jiwe bapa linaloingia kwenye maji marefu, kwa hiyo Bibi alipanda kwa urahisi. Alikaa juu ya jiwe, akajisogeza kwa makalio hadi kwenye benchi la boti, mama mdogo anayeishi naye akimshikilia. Baba aliangalia upande wa pili mpaka alipokaa. Tuliweka mguu wenye hogo juu ya majaketi mawili ya kuokolea.

"Mwambie bibi yako akae katikati," baba alisema akitazama mashine.

"Bibi, baba anasema ukae katikati."

"Mwambie nimekaa."

"Baba, amekaa."

Walikuwa hawajaachana hata hatua tatu. Safari nzima ilikwenda hivyo. Baba aliuliza kama maji yanamrukia, Bibi akasema nimwambie asiendeshe kama anafukuzwa, baba akapunguza mwendo kabla sijafungua mdomo. Bibi alinipa kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kitambaa chake. Akanipa na ya pili, akisema, "Hiyo ni ya huyo anayeendesha."

Alasiri tulirudi ufukoni na upepo ulikuwa umeamka. Mpango wa baba ulikuwa huu: Bibi asishuke kabisa. Boti ipandishwe kwenye tela naye akiwa ndani, ivutwe nchi kavu naye akiwa ndani, kisha isogezwe kwenye kingo ya udongo iliyo sawa kwa kimo na ubavu wa boti, ahamie juu yake kwa makalio kama alivyopanda. Hatabebwa, hataguswa, wala hogo halitaona maji.

Kabla sijaruka majini baba alinipa maneno yote. Nikayasema: "Bibi, boti ikianza kupanda itainua pua. Usishike ukingo. Shika benchi, uiname mbele."

"Mwambie nimesikia. Nimevunjika mguu, si masikio."

Baba, maji yakiwa kiunoni, aliielekeza boti juu ya tela lililozama, akaunga mkanda puani na kuukaza. Akaniashiria. Nikavuta pumzi nikaita, "Vuta!" Kamba ikakaza. Kumbe na mimi ninaweza kusikika.

Boti ilianza kupanda. Pua ikainuka, na tezi, yaani sehemu ya nyuma, bado ikielea. Ndipo mawimbi ya boti kubwa iliyokuwa imepita mbali yakatufikia, yakainua tezi na kuisukuma kando. Boti ikakaa mshazari juu ya tela, ikalala upande wa kulia. Bibi alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: alishika ukingo wa kulia kwa mikono miwili, na uzito wake wote ukaenda hukohuko. Maji yakaanza kuingia.

Niliita "Simama!" mpaka koo likauma. Kamba ikasimama. Lakini kwa hesabu yetu ya asubuhi tulikuwa na mdomo mmoja, na sasa ulihitajika sehemu mbili. Mimi nilikuwa nimegeukia matete, kwa kaka Deusi. Kati ya baba na Bibi hapakuwa na mtu.

"Mama!" baba alisema. "Achia ukingo! Shika benchi! Inama mbele!"

Bibi aliachia, akashika benchi, akainama. Baba aliweka bega chini ya boti, akasukuma, ikarudi katikati ya tela. Baada ya hapo alisimama majini amejifunika mdomo kwa kiganja. Bibi alitazama mbele, kule kwenye migomba. Mimi nikasema vuta, na boti ikatoka ziwani ikichuruzika, Bibi akiwa juu yake wima kama anapelekwa kutawazwa.

Kwenye kingo, wanawake wawili waliokuwa wakianika dagaa walitandika mkeka, na Bibi akahamia mwenyewe. Niligusa hogo lote. Lilikuwa kavu. Pikapu ikasogezwa hadi kwenye kingo, naye akajisogeza ndani vilevile.

Njia ya kurudi Bibi alikaa mbele kando ya dirisha, mimi katikati. Baba alikaa nyuma, kwenye bodi, akiwa amelowa. Hakuna aliyenituma neno lolote. Kaka Deusi alijaribu kusema kwamba redio sasa ina betri, akaona hakuna anayecheka, akaacha. Bukoba tuliingia jioni, tukaenda moja kwa moja hospitali. Daktari alilitoa hogo lililolegea, akapiga picha, akasema mfupa haujapinda bado, akafunga jipya. Nyumbani baba alikula chakula chake uani.

Nilichojifunza ni kuhusu maji mafupi. Tulidhani hatari iko kule kwenye kina, katikati ya ziwa, na huko tulipita tukitafuna kahawa. Kazi yote ilikuwa mahali ambapo ningeweza kusimama.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya ibada, nilikuwa namwagia Bibi maji ya kunawa. Mtoto alikuwa amelala karibu yake. Baba alikuwa nje chini ya dirisha, anaosha mchanga kwenye magurudumu ya tela.

"Koku," Bibi alisema. "Mwambie baba yako, jana upepo ulikuwa mwingi. Sikusikia mtu yeyote akisema."

Nilitoka nikazunguka nyumba. Baba alikuwa ameacha kuosha, brashi mkononi. Nikamwambia. Alirudisha brashi kwenye gurudumu.

"Mwambie hata mimi sikusema kitu," alisema.

Nilirudi ndani, nikasimama mbele ya Bibi, nikamwambia kwamba baba anasema hata yeye hakusema kitu.

"Polepole," alisema Bibi. "Unamwamsha mtoto."