Wifi Alipoitwa Chipukizi

Wifi yangu, mke wa kaka, anafundisha Kiswahili sekondari huku kwetu Lushoto, na tangu aolewe nyumbani Mlalo sijawahi kumwona bila mchezo wa kuigiza kichwani. Huandika jikoni maharage yakichemka. Akikwama, husoma kwa sauti maneno ya wahusika wake, mara sauti ya bibi kizee, mara ya mtendaji wa kijiji, mpaka wapita njia hudhani kuna ugomvi ndani.

Waigizaji ni sisi wanawake: wauza karoti, fundi cherehani, muuguzi wa zahanati. Mazoezi ni Jumamosi, maana Ijumaa wengine tuko msikitini na Jumapili wengine wako kanisani.

Mchezo uliomletea tuzo unahusu chemchemi. Tajiri mmoja anaizungushia seng'enge ili amwagilie mboga zake peke yake, na bibi mmoja mkali, ambaye siku zote hapatani na mkwe wake, anaungana na mkwe huyohuyo kuing'oa. Bibi niliigiza mimi. Watu wa mchezo huo wakiwa ofisini husema Kiswahili cha kunyooka. Wakikasirika, wanaingia Kishambaa. Rafiki mmoja wa mjini alimshauri wifi akiondoe hicho Kishambaa ili kazi yake ifike mbali.

"Wifi," aliniambia baadaye, "mtu wa Mlalo akikasirika kwa Kiswahili fasaha, ujue huyo hajakasirika."

Akauacha mchezo ulivyo, akaupeleka kwenye shindano la tamthilia.

Simu ya ushindi ilimkuta akisahihisha madaftari. Alisikiliza, akashukuru, akalimaliza daftari lililokuwa mbele yake, ndipo akalia.

Dar es Salaam tulikwenda wote wawili. Ukumbi ulikuwa na viyoyozi baridi kama kwetu mwezi wa saba, nami nikafurahi kwamba nimebeba sweta. Mshereheshaji, kijana wa suti, akatangaza kwa mbwembwe, "Na sasa, mwandishi wetu chipukizi wa kike, kutoka milimani!"

Wifi ana wajukuu. Ameandika tangu kijana huyo hajazaliwa. Nilimtazama akipanda jukwaani taratibu, nikaogopa. Namjua.

"Ndugu zangu, ahsanteni sana," alisema. "Ila mimi nimechipua zamani. Nyinyi ndio mmepita shambani leo."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Waandishi wanawake waliokaa safu ya mbele walisimama wakipiga makofi, na mmoja wao, mtu mzima kama wifi, alikuwa anafuta machozi huku anacheka. Yule kijana naye akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuna aliyevunjiwa heshima, na hakuna ambaye hakuelewa. Mimi ningekuwa pale juu, ama ningenyamaza na uchungu wangu, ama ningegomba.

Tuliporudi, ndugu walitaka kumfanyia sherehe. Akakataa. "Sherehe yangu ni watu wauone mchezo wenyewe." Basi tukauonyesha Mlalo, siku ya gulio, jukwaa letu likiwa uwanja, na pazia kanga zilizoshonwa pamoja. Mama yangu alikaa mbele kabisa. Magoti yalikuwa yamemzuia kufika Lushoto mjini, tulikouigiza mara ya kwanza, kwa hiyo mchezo huu alikuwa anausikia tu.

Tukafika pale ambapo bibi anamkabili tajiri. Nikasema, "Maji hayaulizi wewe ni mtoto wa nani!"

Mama akainuka. "Hayo niliyasema mimi!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikasahau maneno yote yaliyofuata. Wifi akatoka nyuma ya kanga.

"Ni kweli, mama. Uliyasema wewe, siku mlipogombania mfereji na jirani. Mimi niliyaokota tu."

"Sasa mbona huyu anayasema kinyonge hivi?" Mama alininyooshea kidole. Akaingia uwanjani na fimbo yake, akamgeukia yule muuza karoti aliyeigiza tajiri, akayasema kwa Kishambaa, kwa sauti iliyowafanya watu waache mizani zao sokoni waje kuona. Tajiri wetu alirudi nyuma kweli, bila kuigiza.

"Endelea, mama," wifi alimwambia.

Akaendelea mpaka mwisho, nikimnong'oneza mistari asiyoijua, naye akiibadili apendavyo. Wifi alisimama pembeni na kalamu, akiandika haraka kila kilichobadilishwa, uso umemng'aa kuliko siku ile ya ukumbini.

Siku hizi bibi wa chemchemi ni mama. Mimi nimepewa mtendaji wa kijiji, navaa koti la kaka. Na kila mchezo ukiisha, wifi humtambulisha mama kwanza, kisha sisi sote mmoja mmoja, na yeye mwenyewe mwisho: "Na mimi ndiye ninayeandika."