Tagi Zilizopita Dirishani kwa Bibi

Juzi nilikuwa saluni Mbagala, nimeshasukwa upande mmoja wa kichwa, wakamleta bi harusi wa kusingwa. Dada wa saluni akafungua kopo la liwa, ule unga wa msandali, akaichanganya na maji ya waridi, na ile harufu ikanifuata mpaka kwenye kona niliyokuwa nimekaa. Wenzangu wakavuta pumzi na kusifu. Mimi nikatoka nje nikasimama juani, nusu nimesukwa, nusu timutimu, vijana wa bodaboda wakinicheka waziwazi. Sikujali. Ningekaa mle ndani dakika moja zaidi ningelia mbele za watu.

Wengi liwa huwakumbusha harusi. Mimi hunikumbusha tagi. Ndiyo, tagi: zile boti fupi nene za bandarini zilizofungwa matairi kiunoni, ambazo kazi yao ni kuvuta na kusukuma meli mpaka ifike gatini. Najua hapo nimewaacha mbali, basi ngojeni niwasogeze.

Nilipomaliza darasa la saba nilivunja ungo. Kwetu Wazaramo hilo si jambo la kunong'onezwa na mama likaisha, hasa kama bibi mzaa baba yu hai, na wangu alikuwa hai kwelikweli. Nilifunikwa khanga kuanzia kichwani, nikavushwa maji kwenda kwake Vijibweni, ng'ambo ya bandari, wakati huo kote huko bado kukihesabiwa wilaya ya Temeke. Huko nikawekwa ndani. Mama yangu ni mtu wa Iringa. Aliambiwa kwa upole kwamba mambo haya hayajui, abaki nyumbani na wadogo zangu.

Ya kungwi na mafunzo yake sitayasema. Niliapa, na hata nisingeapa, miongoni mwenu mnaosoma wapo wanaume. Nitasema ya juujuu tu. Mwali hasemi kwa sauti, hainui macho mbele ya mkubwa, haendi juani, na haonwi na mwanamume, baba yake kuliko wote. Kila asubuhi Shangazi Zuhura, dada yake baba, alinipaka liwa tangu usoni hadi nyayoni. Ikikauka inabana ngozi, ukicheka inapasuka mashavuni. Kwa hiyo hata kucheka nilijifunza kucheka kidogo, kwa ndani.

Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, mkeka, na dirisha moja la mbao lililoachwa wazi nusu ili nisife kwa joto. Kwa ndani lilikuwa limepigiliwa wavu wa mbu. Nyumba ya bibi ilikuwa juu kidogo ya maji, mikoko imekatwa mbele yake, hivyo ukiweka pua kwenye wavu ule unaona mkono wote wa bahari, na ng'ambo yake Kurasini, na winchi, na meli za mafuta zikisubiri kushusha. Upepo ukigeuka unaletewa harufu ya dizeli na matope. Kwa mtoto aliyezoea kuruka kamba vichochoroni Temeke, dirisha lile ndilo lililokuwa dunia yangu nzima.

Shangazi alinionea huruma akaniachia simu yake ya zamani ya Kichina, ile yenye spika kubwa na tochi, haina laini, ili nisikilize taarabu kwa sauti ya chini. Taarabu nilisikiliza siku mbili. Siku ya tatu nikagundua ina kamera, nikaanza kupiga picha tagi.

Msinicheke. Mkikaa mahali pasipo na kitu kingine kinachokwenda, nanyi mtapenda tagi. Meli ya mafuta inakuja ndefu kama mtaa, ina injini yake yenye nguvu, lakini pale ndani pembamba haiwezi hata kujigeuza. Basi tagi moja inaishika mbele kwa kamba, nyingine inaiwekea kichwa ubavuni kwa nyuma, maji yanachemka meupe, moshi mweusi unatoka, honi fupi inalia ya kuitikia amri, na lile limeli linageuka taratibu bila kupenda. Niliitazama nikajiona mwenyewe. Bibi alikuwa tagi ya mbele na Shangazi ya nyuma, na wala hawakuhitaji moshi.

Picha zenyewe zilikuwa mbaya. Zote zina miraba ya wavu wa mbu, nyingine zimekata pua ya meli, nyingine ni kidole changu. Simu ilijaa upesi, kila nikitaka kupiga mpya lazima nifute moja, na kufuta nilikuwa naumia kama ninayegawa nguo zangu. Zile ambazo sikufuta kamwe ni za tagi moja ya rangi ya njano iliyofifia, kwa sababu ndani yake alikuwemo baba.

Baba alikuwa baharia wa tagi hiyo. Kazi yake kamba: kuirusha, kuipokea, kuifunga, kuifungua. Tangu utoto wangu alirudi nyumbani viganja vikiwa vigumu, ananishika shavu na mimi nalalamika kwamba ananikwaruza. Yeye ndiye aliyeniambia, siku ya mtihani wa mwisho, kwamba mwezi wa kwanza nitavaa sketi ya sekondari hata kama dunia itapinduka. Sketi ilishashonwa. Niliiacha Temeke imetundikwa nyuma ya mlango.

Nilimtambua siku ya kwanza kwa mwendo wake, na kwa lile koti la usalama la rangi ya chungwa. Mbele lina mistari miwili inayong'aa, imesimama wima. Mgongoni mistari hiyo inapishana, inafanya msalaba ulioinama. Na mimi kila siku nilichoona ni huo msalaba. Tagi ikikaribia Vijibweni, baba anawaacha wenzake, anakwenda mwisho kabisa wa boti, anasimama peke yake, anatugeuzia mgongo. Ikishapita, anarudi kwenye kamba zake. Nilipiga picha nikingoja siku atakayogeuka. Hakugeuka. Nikaanza kusema moyoni kwamba baba ameshanitoa katika hesabu zake, kwamba ameangalia mjini kwa sababu mjini ndiko waliko watoto wake wanaosoma.

Matokeo yalitoka, nikawa nimechaguliwa. Shangazi aliniletea habari hiyo huku akinipaka liwa, na tukafurahi bila sauti. Kisha nikauliza nitatolewa lini. Akasema tunamsubiri binti wa ndugu yao Kisarawe, tuchezwe ngoma pamoja, na huko Kisarawe wanasubiri mjomba, na mjomba alikuwa anasubiri sijui nini. "Mvumilivu hula mbivu," akanambia. Mimi nikaona mbivu zenyewe zinaozea shuleni, maana kila mtu alijua kwamba asiyeripoti nafasi yake hupewa mwingine. Nilipomwuliza bibi, kwa macho ya chini kama inavyotakiwa, alisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, akafunga mlango. Hakuwa mkali. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, kwamba hakuwa hata na hasira ya kubishana nayo.

Shule zikafunguliwa. Asubuhi wasichana wa jirani walipita chini ya dirisha kwenda kivukoni, sketi zao mpya bado zina mikunjo ya kiwandani, wanaringa. Nilikaa sakafuni nisiwaone. Bado niliwasikia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuwa nimeamini kabisa kwamba nitazeekea mle.

Siku iliyofuata ile tagi ya njano ilikuja ikasimama karibu na upande wetu kuliko siku zote. Ilikuwa inasubiri meli, injini imeshushwa, inanguruma tu kidogo, na maji yamejaa mpaka kwenye visiki vya mikoko. Baba akaenda nyuma kama kawaida yake. Akasimama. Mgongo.

Sikuvumilia tena. Pembe moja ya wavu ilikuwa imelegea. Nikaingiza vidole nikaung'oa, misumari ikaruka, nikasukuma mabao yote mawili ya dirisha, na jua likanipiga usoni kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nikaita.

"Baba!"

Sauti yenyewe ilitoka imekwaruza kwa kukaa bila kutumika, lakini ilifika. Niliona wenzake wawili wakigeuza vichwa, mmoja akakinga macho kwa kiganja. Nikaita tena, nikaongeza, "Shule zimefunguliwa, baba!" Yeye hakutikisika. Nikainua simu nikampiga picha, nadhani ili nije nimwonyeshe siku moja kwamba nilikuwepo nikamwona akininyima uso.

Bibi aliingia bila hata kuvaa ndala. Alinivuta nyuma, akafunga mabao, akaniinamia katika giza lile. Nilijikunja nikisubiri kipigo. Hakunipiga. Aliuliza jambo moja tu.

"Baba yako amekuona?"

Nikasema hapana, hakugeuka hata kidogo, na hapo nikalia kwa sauti kinyume na taratibu zote. Bibi akashusha pumzi ndefu. Akakaa kitandani, akanishika kichwa. Sikuelewa kwa nini jibu lile limempoza. Nilidhani anafurahia kushinda.

Siku chache baadaye ngoma ikalia. Hakuna aliyesubiriwa tena, wala wa Kisarawe wala mjomba. Nilitolewa nikiwa peke yangu, nimevishwa khanga mpya, nimebebwa mabegani, wanawake wakiimba mambo ambayo nayo sitayaandika. Jumatatu yake nikavaa ile sketi. Wenzangu walikuwa wameshachagua madawati na marafiki, nikapata dawati la nyuma lenye mguu mmoja mfupi, na sikuwahi kupenda samani nyingine kama ile. Niliamini bibi alinitoa kwa kuchoka na kelele zangu.

Kwa baba nilibadilika. Shikamoo nilitoa, lakini kavu. Akinishika shavu nilisogea. Yeye hakuuliza, wanaume wa umri wake hawaulizi, na mimi sikueleza, nikasoma, nikaolewa, nikazaa, nikazidi kuwa binti mwenye adabu anayekuja sikukuu na kuondoka mapema.

Sasa turudi kwenye ile saluni. Nilipomaliza kusukwa sikwenda nyumbani, nilipanda daladala nikaenda Chamazi anakoishi baba tangu alipostaafu. Zile picha ninazo bado, nilizihamisha kutoka kadi ya simu ile hadi kila simu niliyonunua baadaye. Nilimkuta kibarazani anasuka kamba ya mbuzi, maana mkono uliozoea kamba hauachi. Nikakaa karibu, nikampa simu, nikamwambia atazame.

Alifurahi mpaka akavua miwani akaifuta. Alizitambua tagi zote, ile iliyokuwa na mashine mbovu, ile ambayo nahodha wake alipenda kupiga honi bila sababu. Alinicheka kwa kukata pua za meli. Kisha akafika kwenye ile picha moja isiyo na miraba ya wavu, akaisogeza simu karibu na macho.

Nikamwuliza kama siku ile alinisikia.

"Nilikusikia," akasema. "Mara zote mbili."

Nikamwuliza, basi kwa nini?

"Ningegeuka tu, bibi yako angesema mwali ameonwa na baba yake, ameharibika, anaanza upya. Jioni ile nilikwenda pale kwake, nikasimama nje ya ua, nikaongea naye nimeelekea barabarani. Nikamwambia mtoto wangu hana dosari, sijamwona tangu mlipomchukua, hata aliponiita. Mtoeni asome. Ningekuwa nimegeuka, mwanangu, pale uani ningekuwa na la kusema?"

Nikamwuliza na zile siku nyingine zote je, kwa nini alikuwa anakwenda kusimama kule nyuma.

"Ili unione," akasema, kana kwamba ni jambo ambalo hata mtoto angelijua.

Mtoto hakulijua. Mtoto aliona mgongo akadhani amefungiwa mlango wa pili, na akaubeba huo mlango miaka yote hiyo, hata alipokuwa na watoto wake. Nilichukua simu kutoka mkononi mwake nikaikuza ile picha kwa vidole. Nimeitazama mara nyingi, lakini siku zote nilikuwa natazama mgongo tu. Sasa nikaona viwiko vyake vimetoka pembeni, na mikono yote miwili imekamata chuma cha ukingo wa boti, imekaza, kama ya mtu anayevutwa kwa nguvu na kitu kilichoko nyuma yake.