Niliacha Mke Mwenzangu Aitwe Mchawi

Admin, nifichie jina na namba yangu, wanangu wote wako humu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, naishi Usevya. Hili jambo sijawahi kumwambia mtu, hata padri.

Niliolewa miaka ya tisini, nikiwa na miaka ishirini, na kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe. Mimba ya kwanza iliharibika. Ya pili ilipofika miezi minne, mume wangu akaoa msichana wa Kibaoni na kumleta palepale nyumbani. Sikugombana na mtu. Nilichofanya ni kula. Wenzangu wakienda shambani nabaki nakula viazi, uji wa sukari, asali naichota kwa kijiko mpaka kopo linaisha, na bado roho haitulii. Usingizi ukanikimbia. Nikanenepa mpaka viatu vikakataa kuingia. Mama mkwe alifurahi, akawa anawaambia majirani kwamba mkamwana wake hana wivu, angalieni anavyonawiri.

Mimba ikiwa na miezi saba kiu ikanizidi, na kukojoa hakuishi. Mume akanipakia kwenye lori la mpunga nikaenda hospitali Mpanda. Wakapima mkojo, wakapima na damu. Nesi mmoja mtu mzima akanikalisha pembeni, akasema kwa upole, "Mwanangu, una sukari ya mimba. Mtoto anakua kupita kiasi. Punguza hivyo vitamu, rudi hapa baada ya wiki mbili, na usithubutu kuzalia nyumbani." Akaniuliza kama nina mawazo. Nikasema sina.

Nyumbani nikawaambia mtoto hana shida. Niliogopa wataniona mgonjwa wanirudishe kwetu, na yule mwenzangu naye alikuwa ameshashika mimba. Siku ya kurudi Mpanda nikasingizia miguu inauma. Nikaendelea kula vilevile, sasa kwa kujificha.

Uchungu ulianza asubuhi, ukaenda mpaka kesho yake mchana. Kichwa kilitoka, mabega yakakwama. Mkunga wa kijijini alihangaika mpaka akalia. Alikuwa wa kiume, mkubwa kama mtoto wa miezi mitatu. Yeye hakulia hata mara moja.

Wakwe wakaenda kwa mganga, wakarudi na jibu kwamba ni mke mdogo. Walimtoa ndani mchana kweupe, vyombo vyake vikatupwa barabarani, shemeji zangu wakampiga mbele ya watu na mimba yake ya miezi mitatu. Akanishika kanga, akasema, "Dada, waambie. Uliniona nikikufanyia kitu?"

Nilikuwa najua alichosema nesi. Nikageuza uso.

Alikwenda kwao kwa miguu, lakini habari zilishamtangulia, hawakumpokea. Akaishia Mishamo, akilima vibarua kwenye mashamba ya watu. Mimi baadaye nikazaa watatu. Wote nilikwenda kuwazalia Mpanda, na chakula nikakipunguza kama nilivyoambiwa. Yaani maneno ya yule nesi niliyafuata kimyakimya, huku mwenzangu akiendelea kuitwa mchawi.

Mwaka huu binti yake alinipigia. Mama yake amepata kiharusi, kauli imekatika, ila akili bado alikuwa nayo. Akaniambia, "Mama mkubwa, sitaki mali ya baba. Njoo umwambie tu kwamba siyo yeye."

Nikamjibu nakuja. Wiki ya tatu sasa sijaenda. Nilijaribu kumdokeza mwanangu mkubwa, akanikatisha, akasema yule mama ndiye aliyemuua kaka yake, na kwamba nikikanyaga Mishamo nisirudi nyumbani kwake. Na ninakaa kwake. Jana yule binti kaniandikia kwamba mama yake sasa hamtambui mtu yeyote, hata yeye.

Mume wangu alikufa akiamini ule uongo. Mama mkwe hivyohivyo. Nesi yule simjui hata jina. Nimebaki peke yangu ninayejua.

Nyie mnaosoma, nitukaneni, ni haki yenu, lakini mnieleze la kufanya. Niende Mishamo nikaungame kwa mtu asiyenisikia, na nikirudi nikute mlango wa mwanangu umefungwa? Au ninyamaze hivihivi mpaka nizikwe nalo?